Kifuniko cha Mtungi wa Arlene

Jumatatu, 7 Januari 2019

Nimekwenda chuoni kuchukua vitu vya mke wangu Arlene. Nimekuwa nikiahirisha tangu Novemba. Kila wiki nilikuwa na sababu mpya — theluji, mgongo, betri ya gari. Leo sababu zimeniishia.

Darasa la ufinyanzi liko ghorofa ya chini, nyuma ya darasa la kuchomelea vyuma. Miaka miwili nilimshusha pale mlangoni kila Jumatatu na Jumatano, wala sikuwahi kuingia ndani. Harufu ya udongo mbichi na kahawa iliyoungua. Mwalimu wake anaitwa Gwen Pellow, mwanamke mrefu, mvi zake kazibana kwa penseli. Alinishika mkono asiseme pole. Nilimshukuru kimoyomoyo. Pole nimeshazichoka.

Vitu vyenyewe: aproni, waya wa kukatia udongo, mabakuli, vikombe visivyolingana. Na mtungi mmoja wenye kifuniko, mkubwa kama ndoo ndogo. Umechomwa mara moja tu. Bado mweupe, mkavu, haujapakwa ile rangi inayogeuka kioo tanurini. Nilikizungusha kifuniko, kikazunguka bila kukwaruza. Nimeshinda na mashine maisha yangu yote. Kitu kilichokaa mahali pake nakijua.

Hapo hapo nikaamua. Arlene ataingia humu. Si kwenye lile boksi la plastiki tulilopewa likiwa na majivu ya mwili wake.

Nikamwuliza Gwen nani atakayeumalizia. Akasema yeye anaweza, au mmoja wa wenzake Arlene. Nikasema hapana, mimi. Akasema tanuri ni la wanafunzi waliojiandikisha, sheria ya chuo, mtu wa nje haruhusiwi. Nikamwuliza wanaandikishia wapi. Alidhani natania.

Mimi, mwanafunzi wa sanaa! Jamaa wa karakana ya kaunti wakisikia watacheka mpaka wapaliwe.

Jumatano, 16 Januari

Somo la kwanza. Mimi ndiye babu wa darasa.

Unatupa donge la udongo katikati ya gurudumu linalozunguka, unalibana kwa mikono mpaka lisimame bila kuyumba. Basi, kwa maneno ni hivyo tu. Nimeendesha lori la kusukuma theluji tangu ujana, juu ya barafu tupu, na sijawahi kuingia mtaroni. Leo donge lisilozidi chungwa limenishinda. Liliruka likampiga begani mwanamke aliyekaa jirani yangu.

Anaitwa Kayleen. Mpishi wa hospitali, mdomo wake hauna breki. Akaufuta ule udongo. "Mzee, kama unataka urafiki si uniambie tu, mawe ya nini?" Darasa likaangua kicheko. Halafu akanitazama vizuri, akapoa. Akaniuliza kama ni mimi Rudy. Kumbe yeye na Arlene walikaa bega kwa bega muda wote ule. Na kiti nilichokalia ni cha Arlene. Hakuna aliyeniambia.

Nilisimama nihame. "Kaa, mzee," akasema. "Hicho kiti kimekosa mtu tangu mwezi wa kumi na moja, mimi nimechoka kuzungumza na ukuta." Nikakaa.

Nina udongo mpaka masikioni. Nilisahau kula mchana.

Jumamosi, 26 Januari

Sauna peke yangu. Niliweka kuni nyingi, za watu wawili, kwa mazoea. Nikamwagia mawe maji, mvuke ukapanda, nikawa nangoja alalamike kwamba nataka kumchemsha. Kimya. Nilitoka kabla jasho halijanitoka sawasawa.

Binti yetu, Lori, kapiga simu kutoka Green Bay. Mazishi ni Jumamosi, tarehe kumi na moja Mei. Mchungaji kakubali. Kabla ya hapo huku kwetu huchimbi kitu, ardhi ni chuma kwa barafu. Halafu akaniuliza mama nimemweka wapi.

Nikamwambia juu ya friza.

"Baba."

Sasa nimweke wapi? Chumbani nilijaribu, sikupata usingizi. Mezani chakula hakipiti. Friza iko jikoni, na jikoni ndiko alikoshinda siku zote na redio yake. Nilipomweleza hivyo Lori akaanza kulia. Nami nikaanza. Tukalia kila mtu na simu yake sikioni, hakuna wa kumnyamazisha mwenzake.

Nikamweleza habari za mtungi. Sawa baba, akasema, kama unakusaidia. Sikuipenda ile sauti. Ndiyo anayotumia kwa mtoto wake anapotaka kulala na kofia ya baiskeli kichwani.

Jumatano, 13 Februari

Leo siku ya kupanga kazi mezani na kuzijadili. Kanuni ya Gwen: wenzako wanasema wanachokiona, wewe uliyekitengeneza unafunga mdomo. Huelezi, hujitetei, hata kukohoa kwa hila hakuruhusiwi.

Bakuli langu. Msichana mmoja akasema linafanana na kofia iliyokaliwa. Kijana anayesomea ubunifu wa matangazo akasema analiona lina huzuni ya kweli. Kayleen akasema huzuni gani, limepinda tu. Niliuma ulimi nusura niutafune.

Mwishoni Gwen akautoa mtungi wa Arlene rafuni akauweka mezani. Akasema huu nao ulikuwa na zamu yake muhula uliopita na zamu haikufika. Wakaanza. Walisifu mabega yake, yanavyoshuka polepole. Walisema kifuniko kinaonekana kimezaliwa pamoja na mtungi. Kijana wa matangazo akasema aliyeufinyanga hakuwa na haraka hata kidogo. Mimi nilitaka kusema — alikuwa na haraka ya kila kitu, jamani! Alikuwa anavaa koti akiwa anatembea, alikuwa anakula amesimama! Kumbe alikuwa na mahali pake pa kutulia, na ni hapa, na mimi nilikuwa nje garini nasikiliza habari za mpira.

Yule msichana wa kofia ni mgeni, hajui. Akauliza mtungi ni wa nani, mwenyewe anasemaje. Aliyekitengeneza haruhusiwi kusema.

Nilikwenda kukaa garini. Gwen akanifuata bila koti, na baridi ile. Akaniomba radhi, alidhani ningependa kusikia. Nikamwambia nimependa. Iliniuma vibaya sana na nilipenda.

Jumatano, 27 Februari

Dhoruba iliyotupiga tangu Jumapili si mchezo. Kaunti ilikosa madereva, wakanipigia mimi mstaafu, nikaenda. Somo la leo nimelikosa. Kayleen ameniletea ujumbe kwamba wamefundishwa mambo ya vifuniko na nta, atanielekeza tukionana. Nimemjibu asihangaike. Kifuniko ni kifuniko.

Mchana nilisimamisha lori karibu na kanisa, theluji imefika dirishani kwa mchungaji. Nikachukua simu nimweleze Arlene. Nilishafika kwenye jina lake. Sijui nilikaa vile muda gani, gari la nyuma lilinipigia honi.

Jumatano, 6 Machi

Leo ningetamani Kayleen angezaliwa bubu.

Wakati wa mapumziko tulikuwa tunakula pasti zake, zile kama sambusa kubwa za nyama na viazi, amezipika vizuri. Akaniuliza mtungi nikiumaliza nitautia nini. Nikamwambia. Akaacha kutafuna.

"Mzee, hakukwambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Ule ni wa mikate yako."

Mikate yangu. Ile mikavu ya mdalasini, ninayochovya kwenye kahawa kila asubuhi tangu utoto. Inauzwa kwenye mifuko ya karatasi, ukishafungua inalegea, nami nalalamika. Kila asubuhi nalalamika. Kayleen anasema Arlene alikuwa ananiigiza darasani, sauti yangu na kila kitu, watu wanashika mbavu. Mtungi ulikuwa uwe zawadi ya Krismasi. Miwili ya kwanza aliivunja mwenyewe kwa sababu kifuniko kilikuwa kinapitisha hewa. Huu ni wa tatu.

"Sisemi usimtie," akasema Kayleen. "Ni uamuzi wako. Ila nimeona si vizuri mimi nijue na wewe usijue."

Nikamwambia asante. Nilimaliza pasti yangu yote nisionekane nimeguswa. Ilinikaa kifuani mpaka nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekunywa kahawa tupu.

Jumatano, 27 Machi

Nimegeuza na kugeuza. Kuna siku nilisema nitie mikate kama alivyotaka, Arlene abaki na boksi lake. Halafu nikajiona nimekaa asubuhi nafungua kifuniko nachukua mkate, na yeye yuko kwenye plastiki chini ya ardhi. Siwezi. Alinitengenezea mimi, basi mtungi ni wangu. Na changu nampa yeye. Nimemaliza.

Kayleen alisikiliza, akasema mzee hapo umesema. Akanipeleka kwenye ukuta wa vigae vya majaribio, kila kigae na rangi yake ya kioo. Arlene alikuwa anavutwa na mbili, moja ya kijivu inayoelekea bluu, moja nyekundu ya kutu. Nikasema kutu! Chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani imenilia malori maisha yangu yote, leo nimzike mke wangu kwenye kutu? Kayleen akacheka mpaka akaegemea meza. Arlene alikuwa amemwambia hivyo hivyo: hii Rudy ataikataa kabla hajavua koti.

Basi ya kijivu. Tulicheka wote wawili. Mara ya kwanza nimecheka mbele ya watu tangu msiba, na nilipofika garini nikaona aibu, kana kwamba nimemwacha mtu barabarani.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimeupaka!

Karakana ya chuo iko wazi Ijumaa kwa wanaotaka kufanya kazi peke yao. Gwen amekwenda kwa mama yake mgonjwa, Kayleen yuko zamu. Nilifurahi kuwa peke yangu. Kuna mambo mtu hataki watazamaji.

Rangi yenyewe ni uji tu, wa rangi ya vumbi. Huwezi kuamini itageuka bluu. Niliukoroga vizuri, nikapaka kwa brashi pana, nikaacha ikauke, nikarudia. Chini ya kitako nilifuta pakawa pasafi, maana Kayleen alinionya kwamba ukichafua rafu za tanuri Gwen atakutafuta mpaka kwenu. Nilipofuta nikaona alipochora jina lake na msumari. Arlene. Ile A yake yenye mguu mmoja mrefu. Nilikaa naye hapo kidogo.

Halafu kifuniko. Hapa nilitumia akili yangu. Theluji ya kwetu ikiyeyuka ardhi inajaa maji, sitaki tone lipite. Injini hufungi chuma juu ya chuma, unaweka gasketi. Kwa hiyo nilipaka mdomo wa mtungi, nikapaka na ukingo wa kifuniko, mara tatu, nzito, kila mara nikingoja ikauke kabisa kabla sijafunika. Kikakaa vizuri zaidi ya mwanzo. Hata hewa haipiti. Arlene asingehitaji kuuvunja huu.

Nimeuacha kwenye rafu ya kuingia tanurini. Kijana anayepanga tanuri aliuona, akasema mzee umepaka vizuri sana. Nimerudi nyumbani naimba. Nimemwambia pale juu ya friza kwamba nyumba yake iko tayari.

Jumatano, 17 Aprili

Tanuri limefunguliwa leo.

Bluu. Kijivu mabegani, bluu panapoingia tumboni, rangi ya ziwa letu wakati barafu inapoanza kuachia. Darasa zima lilikuja kutazama. Kayleen alinikumbatia na aproni yake yenye udongo. Nililia mbele ya watoto wale na sikujali.

Halafu nikashika kifundo cha kifuniko nikizungushe, niwaonyeshe kinavyokwenda.

Hakikwenda.

Nikajaribu kwa nguvu zaidi. Gwen akasema, "Rudy, ngoja." Akauchukua, akautazama pale kifuniko kinapokutana na mdomo. Akapitisha ukucha. Muda mrefu. Akaniuliza kwa upole kama nilipaka nta kwenye ukingo. Nikamwambia nilipaka rangi, mara tatu, nikaacha ikauke. Nikaanza kumweleza gasketi. Niliona uso wa Kayleen nikaacha.

Gwen akasema ile si rangi ya ukutani. Kukauka si kitu. Motoni inayeyuka yote, inakuwa maji, na ikipoa inakuwa kioo kimoja. Pale panatakiwa pabaki udongo mtupu, ndiyo maana ya nta. Wakati ule nilipowafundisha —

Nikamwambia najua nilikuwa wapi wakati ule.

Kayleen alisema ni kosa lake, angenishikilia anieleze. Si lako, nikamwambia. Wewe ulitaka, mimi nikajifanya najua.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeufunga mwenyewe. Mtupu. Uko mezani mbele yangu, mzuri kuliko kitu chochote tulichowahi kuwa nacho nyumba hii, na humo haiingii hata punje ya chumvi.

Sikwenda popote leo.

Jumatatu, 29 Aprili

Gwen aliniita ofisini kwake. Ameuliza wafinyanzi anaowajua. Njia ziko tatu.

Kwanza, kutoboa chini kwa keekee ya almasi, kumtia kupitia hapo, kuziba kwa kizibo. Nikamwambia Arlene hajawahi kuingia nyumba yoyote kwa dirisha la nyuma. Tena hapo chini ndipo jina lake lilipo. Nitoboe jina?

Pili, kufinyanga mwingine. Kayleen amejitolea, na ataufanya mzuri kuliko huu. Lakini hautakuwa umepita mikononi mwa Arlene.

Tatu, nyundo ya mti. Unagonga ukingo wa kifuniko taratibu, unazunguka, unagonga, unazunguka. Mara nyingine kioo kinaachia. Ukisikia sauti imebadilika, simama. Maana yake ni moja kati ya mawili, ama kifuniko kimeachia ama mtungi umepasuka chini ya rangi. Kwa macho huwezi kujua. Utajua ukiinua.

Nikamwuliza mara ngapi unapona. Akasema hataki kunidanganya. Mara chache.

Akasema niuache kwake, atagonga yeye, mikono yake imezoea. Alikuwa anataka kunisaidia kwa moyo wote, nikamwona. Nikasema hapana. Akanipa nyundo yake.

Jumapili, 5 Mei

Nimegombana na Lori kwenye simu.

Nilimwambia pengine tusogeze mazishi mpaka Juni, nipate muda wa kufikiria habari ya mtungi. Hapo akafunguka. Anasema tangu Januari kila akipiga simu ni mtungi. Udongo, rangi, tanuri. Hajawahi kunisikia nasema mama amekufa. "Baba, huo mtungi ni kisingizio. Ungekuwa wazi ungetafuta kingine. Hutaki kumzika, basi."

Nikamwambia anyamaze, hajui anachosema. Akasema na yeye pia mama yake kafa, kwa taarifa yangu. Akakata.

Nimekaa sana na hayo maneno. Nimeyatafutia kosa, sikulipata. Nyundo ya Gwen iko ndani tangu wiki iliyopita na sijaugonga hata mara moja.

Arlene amekufa. Nimeandika. Arlene amekufa siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, amesimama kwenye sinki, mkononi ana kikombe changu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimempigia Lori. Nimemwambia tarehe ni ile ile. Nimemwambia na yale niliyoandika jana. Alisema asante baba, halafu tukazungumza habari za matairi.

Alhamisi, 9 Mei

Lori amefika. Amekonda. Alikwenda moja kwa moja kwenye friza, akaweka kiganja juu ya boksi. Kisha akauona mtungi. Alikuwa anausikia tu, hajawahi kuuona.

Akaugusa mabega yake. Akaukumbatia kidogo kuupima uzito. "Mama ametengeneza hiki?" Nikamwonyesha jina chini. Akakaa chini sakafuni nao, mapajani, mtu mzima na viatu vyake.

Mchimbaji kapiga simu, shimo liko tayari, maji yamepungua. Tukakubaliana mimi na Lori. Jumamosi asubuhi nitagonga. Ukifunguka, mama anaingia. Ukivunjika, anakwenda na boksi lake na hakuna atakayemlaumu mwenzake. Yeye ndiye aliyesema tumalize, baba, tusilivute hili. Nikampa mkono kama tunauziana gari.

Jumamosi, 11 Mei

Jua limetoka. Njia ya makaburini ni matope lakini gari litapita. Kayleen na Gwen watakuja, wameniambia watasimama nyuma. Nimevaa suti. Lori amenifunga tai kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya mama yake na mimi sijui.

Tumeanza kama saa moja iliyopita. Taulo mezani, mtungi juu ya taulo. Lori ameushika tumboni kwa mikono yote miwili. Boksi liko kando, tumeshakata utepe wake. Nikagonga. Ko. Nikazungusha kidogo. Ko. Nyundo nyepesi sana, najisikia nabisha hodi kwenye nyumba ya watu wagonjwa. Tumezunguka mara nyingi, jasho linanitoka ndani ya suti. Sauti ile ile, nzito, ya kitu kilichoshikana. Lori akaanza kuimba polepole ule wimbo wa kanisani ambao mama yake alikuwa anauharibu, ile sehemu ya juu, na yeye akauharibu pale pale. Sikuthubutu kumtazama.

Nikagonga upande wa dirishani. Sauti ikabadilika.

Si kubwa. Nyembamba zaidi, yenye hewa ndani yake. Nikasimama kama Gwen alivyosema. Nikapitisha kidole pande zote, sikuona ufa, lakini rangi inaficha. Kimeachia au nimeuvunja. Lori naye alisikia. Tukatazamana.

Nikaweka mkono kwenye kifundo.

"Baba," akasema, "usiinue bado." Akasema inabidi ampigie mchungaji kwamba tutachelewa kidogo. Nikamwambia hatujachelewa. Akasema hata hivyo. Akatoka na simu yake uani, na simu hajaiweka sikioni. Namwona dirishani. Amesimama tu karibu na rundo la kuni, amenipa mgongo.

Mimi naandika haya kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Naogopa. Kama mtungi umevunjika naogopa, na kama umefunguka naogopa zaidi.

Amerudi. Amesimama mlangoni na koti lake jeusi. Amesema mchungaji amesema haina shida, tuchukue muda wetu. Nimemwambia vizuri. Amevuta kiti, amekaa, ameushika tena mtungi kwa mikono miwili.

Hajaniambia niinue. Nami sijainua.